YAH: MALALAMIKO YA KUUZIWA VIFAA VYA KAWAIDA KWA BEI YA VIFAA VYA MAGARI

Meneja wa Mauzo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Ngamiani, Tanga. Naunda alamu za joto la injini kwa ajili ya daladala, hasa Hiace zile ambazo injini imekaa chini ya viti vya mbele. Gari likizimwa mchana pale stendi ya Kange, feni na maji vinasimama, joto lote la chuma linaikalia bodi yangu. Ndiyo maana oda yangu ilitaja kwa maandishi regyuleta (kifaa cha kushusha umeme wa betri na kuutuliza) NCV1117 za volti 5, ambazo ni za magari, na kapasita (kifaa cha kutunza chaji ya umeme) za kuhimili joto la nyuzi 105 zilizofaulu AEC-Q200, vipimo vya vifaa vya magari vya aina hiyo. Ankara yenu inasema hivyohivyo, na bei niliyolipa ni ya hivyo.

Alamu zilipoanza kurudi, nilifungua bodi nikakuta kapasita zimevimba kichwani. Nikachana ganda la plastiki lililoandikwa 105. Chini yake kuna ganda jingine: 85. Nikaenda kwenye pakiti ya regyuleta, nikabandua lebo yenu. Ya kiwanda iko chini, imeandikwa NCP1117, ile ya matumizi ya kawaida.

Kijana wenu wa kaunta aliniambia kwa simu, "Fundi, ndani ni kitu kilekile." Kwa regyuleta, huenda umbo la ndani linafanana. Hata ile dhamana ya NCV kuhimili baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri siidai, Tanga hatuijui. Nilicholipia ni AEC-Q100, vipimo vya magari kwa vifaa kama regyuleta: vipande 77 kutoka kila kundi, makundi matatu ya uzalishaji, vinawashwa kwenye joto kali saa 1,000 bila hata kimoja kufa, na kiwanda hakibadilishi utengenezaji kimyakimya. NCP haina ahadi hiyo.

Kwa kapasita hakuna cha kubishania. Majimaji ya ndani hukauka kwa joto, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka uhai unakatika nusu. Kama saa za uhai zilizotajwa na kiwanda ni zilezile, ya 85 ikiwekwa mahali pa 105 inabaki na robo ya uhai. Na aliyeivisha ganda la pili alijua anachokificha.

Naomba ndani ya siku 14 mniletee vifaa nilivyoagiza, vikiwa na lebo halisi za kiwanda zenye namba ya kundi, pamoja na gharama za alamu nilizobadilisha bure kwa wateja wangu. Kama hamnavyo, nirudishieni fedha zote. Mkinyamaza, nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani nikiwa na ankara, lebo zote mbili na kapasita nilizochana.

Wenu,
Fundi umeme wa magari,
Ngamiani, Tanga.