Zabuni idai BIM, vinginevyo tutaendelea kutoboa boriti

Ndugu Mhariri,

Kwenye maghorofa yanayoendelea kupanda Kariakoo na Upanga, BIM, yaani kulijenga jengo zima kwanza kwenye kompyuta kama modeli ya pande tatu yenye taarifa za kila sehemu, haitaingia kwa kununua programu na kumpeleka kijana mmoja kozi. Itaingia pale mwenye mradi atakapoiandika kwenye zabuni na kukubali kuilipia.

Chukua bomba la maji taka la milimita 110 linalopita chini ya boriti kwa mita 10, mteremko 1 kwa 40. Likifika mwisho limeshuka milimita 250. Jumlisha unene wake, unahitaji milimita 360. Kama kati ya boriti na siling bodi pameachwa milimita 300, halipiti. Mchoro wa mabomba hauonyeshi kina cha boriti, hivyo kosa hugundulika zege likishakauka, na fundi huishia kutoboa boriti na kukata nondo. Hapo tunachezea maisha ya watu. Modeli za mbunifu na wahandisi zikiunganishwa, mgongano huo huonekana nondo haijasukwa. Mhandisi wa miundo huamua bomba lipite wapi, na tundu lake huachwa kabla ya kumwaga zege.

Zabuni itamke kwamba wote watumie nukta moja ya kuanzia vipimo na usawa mmoja wa sakafu, la sivyo modeli hazitakutana. Faili ziletwe kwa mfumo wa IFC, kiwango cha ISO 16739, unaosomeka kwenye programu tofauti. Kila wiki ziunganishwe, na kila mgongano upewe mhusika na tarehe. Mabadiliko yanayoishia WhatsApp ndiyo yanayoiua modeli: mafundi wakikuta mara mbili kwamba imepitwa na wakati, hawaiangalii tena.

Wakadiriaji majenzi nao wasizipokee hesabu za kompyuta kwa macho yaliyofumbwa. Boriti ya upana wa milimita 230 na urefu wa mita 6, ikikutana na slabu ya milimita 150, makutano yakihesabiwa mara mbili huzidisha zege kwa mita za ujazo 0.207. Boriti 40 ni mita za ujazo 8.28.

Uingereza ilianza kuidai BIM kwenye miradi ya serikali kuu Aprili 2016. Wakala wa Majengo Tanzania uanze na ghorofa moja tu hapa jijini, na malipo ya mwisho yazuiwe mpaka modeli iliyosahihishwa kulingana na kilichojengwa ikabidhiwe.

Mhandisi wa majengo,
Dar es Salaam