Magari ya kale yatembee barabarani na yapande vilima vya matope

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ulioanzishwa na msomaji mwenzangu, aliyependekeza kwamba magari ya zamani yaliyosalia nchini yakusanywe, yapakwe rangi upya na kuwekwa katika jumba la maonyesho ili vizazi vijavyo viyaone. Sina shaka anayapenda magari hayo, na nia yake naiheshimu. Hata hivyo, nikiwa fundi mstaafu ambaye maisha yangu yote ya kazi yamepita gereji, na ambaye nilijaliwa kuishi kwa muda magharibi mwa Uingereza, naona pendekezo hilo litayamaliza magari yale yale linalokusudia kuyaokoa. Gari ambalo halitembei huharibika hata likiwa chini ya paa, na huharibika mahali ambapo jicho la mgeni wa maonyesho haliwezi kufika.

Petroli iliyobaki ndani ya kabureta hukauka na kuacha utando unaonata, ambao huziba vitundu vyembamba vya kupitishia mafuta. Oili huchuruzika kutoka kwenye kuta za silinda na kuziacha wazi kwa unyevu, kutu ikaanza kidogo kidogo, mpaka siku moja pistoni imeshikana na silinda na injini haizunguki hata kwa hendeli. Vali hukwama. Magneto, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitoa cheche katika magari mengi ya enzi hiyo bila kutegemea betri, hunyonya unyevu katika nyaya zake hadi cheche ikafifia. Sili za mpira hukakamaa, na panya hutafuna kitambaa kilichofunika waya. Rangi nje itakuwa inang'aa, lakini atakayetaka kuliwasha gari hilo baada ya miaka kumi atalazimika kulifungua lote.

Waingereza walilitambua jambo hili mapema. Klabu yao iitwayo Vintage Sports-Car Club iliundwa mwaka 1934, na hadi leo mpaka wake ni ule ule: gari la enzi ile ya kale ni lile lililotengenezwa kabla ya mwaka 1931, ingawa baadhi ya magari bora yaliyofuata, hadi karibu na Vita Kuu ya Pili, nayo hukubaliwa. Inafaa wasomaji wafahamu kwamba waanzilishi wa klabu hiyo hawakuwa matajiri waliokusanya vitu vya thamani. Wakati huo magari hayo yalikuwa mitumba ya kawaida, yaliyonunuliwa kwa bei ndogo na vijana wasio na fedha nyingi, ambao walitaka kuyaendesha na kushindana nayo. Desturi hiyo ya kuyatumia ndiyo iliyoyafikisha magari yao katika karne hii yakiwa mazima.

Mchezo wao ninaoutaka wasomaji waufahamu zaidi ni ule wa kupanda vilima vya matope, kwa sababu wengi wetu tukisikia mashindano ya magari tunafikiria mbio na saa ya kupimia. Hapa saa haina kazi kubwa. Huchaguliwa njia yenye mwinuko mkali, mara nyingi msituni au katika shamba la mtu aliyetoa idhini, na kando yake huchomekwa vibao vyenye namba kuanzia chini hadi kileleni. Gari huanza likiwa limesimama, kisha dereva hupanda kwa kadiri awezavyo, na alama zake ni namba ya kibao cha mwisho alichokipita kabla gari halijasimama. Likisimama, hata kwa muda wa kufumba na kufumbua, zamu yake imekwisha na atashuka kinyumenyume au kuvutwa na trekta. Katika baadhi ya vilima huwekwa mstari katikati ya mwinuko, ambapo dereva analazimika kusimama na kuondoka tena, na hapo ndipo wengi huachwa na magurudumu yakizunguka mahali pamoja.

Abiria katika mchezo huu si mzigo. Wale wanaokaa nyuma huinuka na kujibwaga kwa pamoja, mara kwa mara, ili uzito wao uikandamize ekseli ya nyuma kwenye tope wakati ule ambao tairi linatafuta mshiko. Nimewaona watu wazima wenye mvi wakifanya hivyo kwa bidii, matope yamewafika usoni, na sijaona bado mchezo mwingine wa magari ambamo dereva humtegemea mwenzake kiasi hicho.

Msomaji anaweza kuuliza ni vipi gari la karibu miaka mia moja lipande mahali ambapo gari dogo la kisasa lingekwama. Jibu liko katika umbo lake. Magari yale yalitengenezwa wakati barabara nyingi za mashambani zilikuwa za udongo, kwa hiyo yalikaa juu, na tairi zake zilikuwa nyembamba zenye kipenyo kikubwa, ambazo hulikata tope laini hadi zikutane na ardhi ngumu chini yake, ilhali tairi pana huelea juu na kuteleza. Nguvu ilikwenda magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo hubeba uzito zaidi gari linapoelekea juu. Austin 7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1922 na kuendelea kutengenezwa hadi 1939, ina injini ya sentimita za ujazo 747 tu, lakini ni nyepesi sana, na katika vilima hivyo huyapita magari makubwa kama Bentley yenye injini ya lita tatu, ambayo hulemewa na uzito wake yenyewe. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi, lakini katika matope ya Wales nimeliona likienda joshi tena na tena.

Kuna pia magari ya Frazer Nash ya miaka ya 1920 na 1930, ambayo kwa fundi ni somo la pekee. Difu ya kawaida, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, huliruhusu gurudumu moja lizunguke bure likikosa mshiko, na lile lililo mahali pazuri likabaki limetulia, jambo ambalo kila dereva wa matatu aliyewahi kukwama analijua kwa uchungu. Frazer Nash zile hazikuwa na difu kabisa. Nguvu ilipelekwa kwa minyororo hadi kwenye ekseli moja ya nyuma isiyogawanyika, minyororo kadhaa iliyopita kwenye magurudumu ya meno ya ukubwa tofauti ikifanya kazi ya gia, na kwa hiyo magurudumu yote mawili husukuma pamoja. Barabarani utaratibu huo huchakaza tairi kwenye kona. Matopeni ni msaada mkubwa.

Nao umahiri huu haukuanza jana. Mwezi Mei mwaka 1911 kijana mmoja wa Edinburgh, Henry Alexander, aliipandisha Ford Model T hadi kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, wenye mita 1,345, akipita kwenye vinamasi, mawe na theluji kwa siku kadhaa. Gari hilo hilo lilikuwa na udhaifu ambao madereva wake waliujua vizuri: tangi lilikuwa chini ya kiti na petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye kabureta bila pampu, kwa hiyo kwenye mwinuko mkali tangi likiwa halijajaa, injini ilikosa mafuta na kuzimika. Madereva waligeuza gari na kupanda kwa rivasi, kwa sababu hapo tangi lilikuwa juu ya injini, na tena rivasi ndiyo iliyokuwa gia yenye nguvu kuliko zote. Ujuzi wa namna hii hauonekani kwenye gari lililosimama nyuma ya kamba. Unaonekana pale tu mtu anapolipeleka mlimani.

Vilima hivyo havitenganishwi na barabara. Klabu nyingine kongwe, Motor Cycling Club, imekuwa ikiandaa safari ndefu za aina hii tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, ile ya Edinburgh ikianza mwaka 1904, ya Land's End mwaka 1908 na ya Exeter mwaka 1910, na huko pikipiki na magari, ya zamani na ya miaka ya karibuni, husafiri usiku kucha kwa barabara za kawaida kutoka kilima kimoja hadi kingine. Gari lazima liwe halali kwa barabara, liwe na taa na breki, na limrudishe mwenyewe nyumbani. Kila mwaka mwezi Novemba pia kuna msafara wa London hadi Brighton, wa magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1905, unaokumbuka safari ya Novemba 1896, wakati sheria ilipopandisha mwendo halali wa gari kutoka maili 4 hadi maili 14 kwa saa. Ni kama kilomita 96, na yapo yanayoharibika njiani na kutengenezwa papo hapo, watu wakitazama.

Najua pingamizi litakalotolewa kwanza, nalo ni usalama. Ni kweli kwamba magari mengi ya mwanzoni mwa miaka ya 1920 yalikuwa na breki za magurudumu ya nyuma peke yake, kwamba breki za nyaya hazishiki kama za leo, na kwamba giaboksi za wakati ule humtaka dereva akanyage klachi mara mbili na kusikiliza injini kabla ya kubadili gia. Huyo hawezi kukimbizana na basi kwenye barabara kuu, na hapaswi kujaribu. Lakini dereva wa gari kama hilo huacha nafasi na huona hatari mapema, kwa kuwa hana njia nyingine. Serikali ya Uingereza imeyasamehe kodi ya barabara magari yaliyopita miaka 40, na tangu Mei 2018 mengi ya umri huo hayalazimiki kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Msamaha wa kodi nauunga mkono. Huo wa ukaguzi, nikiwa fundi, siupendi, na kama sisi tutaweka utaratibu wetu ningeshauri gari la kale likaguliwe na fundi anayelielewa, si kusamehewa.

Pingamizi la pili ni uharibifu wa ardhi, na hili lina uzito. Huko Uingereza sheria ya mwaka 2006 ilifuta haki za magari katika njia nyingi za zamani za mashambani, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya watembea kwa miguu na wakulima. Klabu za magari ya kale zimeweza kuendelea kwa sababu zimejifunza kuomba idhini, kutumia kilima mara chache kwa mwaka na kukirekebisha baada ya shughuli. Kumbuka pia kwamba gari dogo linalopanda kwa gia ya kwanza, bila kasi, haliachi jeraha kama lile la gari lenye injini kubwa, linalosukumwa na magurudumu yote manne, linalochimba kwa saa nzima.

Kwetu Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuyaona matope kuwa adui wa magari. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilijipatia jina duniani kwa mvua za masika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakamaliza, na mwaka 1968 yakaondoka 93, yakamaliza tena 7. Katika miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404 yake. Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika, na baadaye mara mbili zaidi. Tangu mwaka 2003 tunayo pia Safari ya magari ya kale, lakini gharama yake ni ya wageni wenye uwezo, na mwenye Peugeot 404 ya babake kule Nyahururu hawezi hata kuiota.

Kwake yeye, kilima cha matope kingefaa sana. Magari yetu ya kabla ya 1931 ni machache mno, kwa hiyo tungeweka mpaka wetu wenyewe, labda mwaka 1975, ili Volkswagen za kobe, Datsun 1600, Peugeot 404 na Land Rover za zamani, zikisukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, ziweze kuingia. Kinachohitajika ni mkulima mmoja wa Limuru au Kinangop atakayekubali, vibao vya mbao vyenye namba, trekta ya kuvuta waliokwama, bima, na siku moja baada ya mvua. Mwendo hautazidi ule wa mtu anayekimbia. Vijana wanaojifunza ufundi wakae kiti cha nyuma na kudunda, na jioni washike spana pamoja na wazee, kwa maana gari likitoka matopeni lazima lifunguliwe, lisafishwe na kutiwa grisi, na hapo ndipo kazi hufundishwa.

Ninaliomba gazeti lako liwatafute mafundi wazee wa Nairobi, Mombasa, Nakuru na Arusha ambao bado wanajua kupanga cheche za magneto na kurekebisha breki za nyaya, liwahoji na kuchapisha wanayoyajua, kwa kuwa wamebaki wachache. Kwa upande wangu bado ninazo zana, na mwenye gari yeyote atakayekuwa tayari kulitoa chini ya turubai anaweza kunipata kupitia ofisi yako. Nitalifungua pamoja na kijana wake, bila malipo, kabla ya mvua za Machi.

Wako mwaminifu,
Fundi mstaafu wa magari,
Nakuru