Babu wa sentimita 5

Mudi kaka, mambo vipi huko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimejaa supagluu na wifi yako ameshaapa akikuta tena kipande cha waya kwenye unga atanihamishia banda la kuku mimi na meza yangu.

Si ulinicheka mwaka jana ukasema mtu mzima nacheza na madoli? Haya kaa vizuri nikwambie doli lenyewe ni nani. Unamkumbuka babu mzaa mama, yule mvua ikinyesha hata iwe ya kubomoa nyumba anasema "hii rasharasha, mvua iko Bama"? Ndo huyo namtengeneza. Alienda huko Bama, yani Burma, vita ya pili ya dunia, na KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, kwenye divisheni ya 11, wakalitembea bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye masika ya kule mpaka wakatokea mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa 12. Nimetafuta askari wa hivyo kwenye maboksi ya madoli ya plastiki ya saizi ya 1/35, Mjerumani yupo wa kila namna, Mmarekani yupo kasimama, kakaa, kalala, babu yetu sijamwona. Basi nikachukua mwili wa Mwingereza nikamkata kichwa, na ile kofia yao pana ya kukunja ukingo upande mmoja nikaifinyanga kwa pati ya epoksi, hii hii ya mafundi bomba, unalowesha kidole mate kidogo isinate.

Lakini kaka mwili ulichukua siku mbili tu, vikorokoro vya kumbebesha ndo mwezi wa 2 huu sijamaliza. Hesabu yenyewe haina shida, kila kitu gawa kwa 35, mtu wa sentimita 175 anakuwa 5 kamili, panga la sentimita 50 linakuwa milimita 14. Urefu hausumbui. Unene ndo unakuumbua. Mwanzo nilimkatia blanketi la kitambaa cha kweli, shati langu la zamani, laini tu, nikalikunja nikamfunga mgongoni, likaonekana kama gunia la mkaa juu ya baiskeli. Sikuelewa kwa nini mpaka nilipopiga hesabu kinyumenyume, uzi wa milimita 0.3 ukiuzidisha mara 35 unapata zaidi ya sentimita 1, yani babu kabeba blanketi lililofumwa kwa kamba ya mashua! Sa hivi natumia tishu, nabandua leya moja, nailowesha kwenye gundi nyeupe niliyoizimua na maji, naikunja ikiwa bado mbichi, mikunjo inakuja yenyewe ikikauka imekuwa ngumu kama bati.

Mikanda ni karatasi ya fotokopi. Usicheke, unene wake kama milimita 0.1, zidisha, milimita 3.5, ndo unene wa mkanda wa turubai wenyewe. Ule wa kiunoni wa vifaa vya jeshi la Mwingereza vya 1937 ulikuwa na upana wa milimita 57 kwa hiyo nakata ka-utepe ka milimita 1.6 kwa wembe mpya, wembe wa jana unachana. Bakoli ya kufungia mkanda ni unywele mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa chaja, naulaza juu ya jiwe naugonga kidogo ubapate. Panga ni kopo la soda, mpini ni kijiti cha meno, afu makali nayapitishia penseli laini yanang'aa kama yametoka kunolewa, rangi ya fedha haikupi kitu hicho. Chupa ya maji ilikuwa inavishwa koti la sufi, hapo napaka rangi na kabla haijakauka nanyunyizia poda ya mtoto. Ila ninachojivunia ni kikombe bana. Kijiti cha plastiki cha pamba za masikioni kina tundu katikati na upana wake milimita 2.5, zidisha uone, karibu sentimita 9, kikombe cha chai kabisa! Unakata, unaziba chini, unaweka mkono wa waya.

Kilichonishinda kwa muda ni uzito. Vile vifaa vya kwenye boksi vinakaa mwilini kama vimepigwa stika, na chupa iliyojaa maji inavuta mkanda, mkanda unavuta bega, shati linakunjamana. Nikaenda mjini Dar kumwangalia Bismini, lile sanamu la askari pale Posta, najua yule ni wa vita ya kwanza na sanamu lenyewe la 1927, ila nguo kuvutwa ni kule kule. Nilizunguka nikichungulia kiuno cha shaba mpaka mlinzi mmoja wa jengo la jirani akanifuata akaniuliza, mzee umepoteza nini. Nilirudi nikabandua kila kitu, nikachonga plastiki ya begani kidogo mkanda uzame, chupa nikaishusha nusu milimita. Nusu milimita tu, babu akachoka.

Jumapili mama akaja. Nikampa miwani, akamgeuza geuza kimya mpaka nikaogopa, afu anasema, "Mbona viatu visafi? Alikuwa anasimulia jioni wanakaa kuchomoa ruba." Sawa, matope nitampaka. Akaangalia tena. "Na panga umemwekea kushoto, baba alikuwa mashoto, atalichomoaje?"

Miezi 2, Mudi! Panga, mkanda, chupa, vyote vinahama upande. Nimeshavibandua na kikombe kimepasuka. Ukija mwisho wa mwezi niletee pamba za masikioni boksi moja, zile za kijiti cha plastiki, duka la hapa kwetu wameleta za kijiti cha karatasi na hazina tundu.

Wako,
Seif