Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: wapagazi nao walikuwa na pa kulala

Mheshimiwa Waziri,

Kwa umri wangu huenda wewe ndiye ungepaswa kuniamkia, lakini kwa cheo chako naanza mimi: habari za kazi?

Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Kigoma miaka ishirini na kitu, sasa nimepumzika nyumbani Tabora. Mtu wa lori anaijua nchi kwa vituo vyake vya kulala. Muulize habari za Gairo, atakuambia supu ya alfajiri. Mtajie Singida, atakumbuka Misigiri, malori yamejipanga usiku kama ng'ombe kwenye lambo, utingo kajikunja chini ya turubai, mama ntilie anapuliza moto. Kwa hiyo siku nilipoingia mara ya kwanza Karavanserai ya Bagamoyo, kituo cha zamani cha kupumzikia misafara, ule uwa mpana uliozungukwa na vyumba, sikuwaza makumbusho. Niliwaza Misigiri.

Ndicho kilichonifanya niandike. Mwaka 2006 nchi yetu iliipeleka UNESCO, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia, njia ya kati ya misafara. Vilitajwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni kama kilomita 1,200. Jina lililoandikwa ni njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Yaani njia imepewa jina la mzigo. Mbebaji hakutajwa.

Usinielewe vibaya. Utumwa usifichwe hata kidogo. Watu walipitishwa humo na minyororo shingoni, na wengi hawakuiona pwani. Lakini waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe, huku kwetu Tabora, na Bagamoyo, wengi wao walikuwa watu huru, Wanyamwezi na Wasukuma, waliopatana ujira kwanza ndipo wakainua mzigo, waliogoma na hata kutoroka wakipunjwa, na waliohesabu miezi ili mvua zisiwakute mbali na mashamba yao. Ile ilikuwa kazi. Na kazi ya safari haifanyiki bila mahali pa kulala.

Hebu nikuoneshe mzigo wenyewe. Merikani, ile nguo ya pamba ya biashara, ilikunjwa na kukazwa kwa kamba mpaka ikawa gogo gumu, ikafungiwa mkeka nje, ikatiwa fito pembeni zilizochomoza. Fito hizo zilikuwa na maana: mpagazi akifika chini ya mti aliusimamisha mzigo ukauegemea, na wakati wa kuondoka akauchukua bila kuinama mpaka chini. Mtu aliyewahi kupakia magunia atafahamu mara moja kwamba hiyo ni akili ya mgongo uliochoka. Uzito ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, mbali na mkeka wake wa kulalia, chungu na silaha. Pembe kubwa ilining'inizwa kwenye mti na kubebwa na wawili, au mmoja mwenye nguvu akaiweka begani, kengele ya ng'ombe ikilia nchani.

Jioni walifika kambi. Hazikuwa nyumba za mawe, na nadhani ndiyo sababu tumezisahau. Ilikuwa duara ya vibanda vya nyasi, boma la miiba likizunguka, mlango unazibwa usiku kwa matawi. Msafara ukiondoka uliwaachia wanaofuata, nao wakatengeneza palipobomoka. Panapokosa maji walikuwa na mtindo wao, telekeza: wanapika na kunywa mchana, wanaondoka jua likipinda, wanalala pakavu, kesho yake wanayafikia maji. Ndivyo walivyoivuka Marenga Mkali, ile nyika kati ya Mpwapwa na Ugogo. Mbele yake walikutana na watemi wa Kigogo waliodai hongo, wakati huo ikiwa ni ushuru wa kupita, unalipwa kwa nguo, hadharani, kwa majadiliano marefu. Neno hilo limeharibika tabia baadaye, na sisi wa barabarani tunajua limeharibikia wapi.

Wakiingia Unyamwezi mambo yalibadilika. Kijijini kulikuwa na iwanza, nyumba kubwa ya wanaume, humo wenyeji wakishinda wakivuta tumbaku na kunywa pombe ya mtama, na humo mgeni akipewa pa kulaza ubavu. Kama kuna kitu nchini kwetu cha kufananishwa na zile nyumba za wasafiri walizokuwa nazo Wazungu kando ya barabara zao za magari ya farasi, ni iwanza. Habari za nchi nzima zilipita pale: bei ya shanga pwani, nani kafa njiani, mtemi gani kapandisha hongo.

Na kila siku ya safari mpagazi alipewa chakula chake, kibaba cha nafaka kwa kichwa. Kiliitwa posho. Posho, Mheshimiwa, naamini unaifahamu.

Sasa tazama Kwihara, hapa jirani nasi. Tembe tunalowapeleka wageni tunaliita la Livingstone. Alifika pale na Stanley Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, yeye akabaki mpaka mwishoni mwa Agosti. Miezi yote hiyo alikuwa anangoja nini? Wapagazi. Stanley alipofika Unguja ndipo alipowaajiri na kumpelekea. Bila wao mzee yule hakuwa na pa kwenda. Mwaka uliofuata, alipofariki, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao ndio waliobeba mwili wake miezi na miezi mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Nyumba ikabaki na jina la mgeni.

Reli ndiyo iliyomaliza misafara. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, wapagazi walikusanywa tena, safari hii kubebea majeshi, na Waingereza waliwaweka Dar es Salaam mahali ambapo leo watu wananunua vitenge. Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ikawa Kariakoo. Ndiyo kumbukumbu yao kubwa kuliko zote, na anayeitamka kila siku akipanda daladala hajui kwamba anawataja.

Ninachoomba si kikubwa. Jalada la njia hii likifunguliwa tena, wapagazi waingie kwenye jina lake. Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara kusimamishwe mabango ya maelezo kwa Kiswahili, yaeleze nani alilala hapo, alibeba nini na alilipwa nini. Na mahali pamoja tu, napendekeza Kilimatinde kwa kuwa Manyoni si mbali na malori yanapita kwa wingi, ijengwe kambi ya mfano: vibanda, boma la miiba, na mzigo wa merikani ulioegemezwa mtini watoto wa shule waujaribu. Miiba ipo na nyasi zipo. Mafundi wa kuezeka wapo pia, ingawa wanazeeka, kwa hiyo tusingoje bajeti tano.

Ukija Tabora kikazi, nitumie ujumbe kupitia ofisi ya mkoa. Nitakupeleka Kwihara mwenyewe. Lori niliuza, lakini pikipiki bado inawaka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva mstaafu, Tabora