Kisu cha jikoni siyo cha kuchongea

Mhariri naomba nafasi kidogo niongee na vijana wanaoanza kuchonga, maana hapa Mwenge nawaona wanakuja na kisu cha jikoni kile cha bei chee kinachong'aa, wakikikandamiza kwenye mti kinapinda na mkono unateleza. Mwezi uliopita dogo mmoja kajikata kidole gumba mbele yangu, damu ikamwagikia mwiko aliokuwa anauchonga, iliniuma sana. Jamani kisu cha kuchongea kiwe kifupi, ubapa wake kama urefu wa kidole tu, kirefu hukimudu kwenye kona. Chuma kiwe cha kaboni, kinashika kutu ndio, ila ukikipaka mafuta kila jioni kinadumu na kinanoleka upesi. Halafu ushike mpini kabla hujalipa, ukamate kama unachonga kweli, ukikuuma kiganjani kiache hapo hapo dukani. Na usianze na mpingo! Mgumu mno ule, sisi wenyewe tunauendea kwa tezo, patasi na tupa, wewe anza na mwembe mbichi. Kinoo nunua siku hiyo hiyo, kisu butu ndicho kinachojeruhi watu kwa sababu unatumia nguvu nyingi halafu kinachomoka ghafla.

Mchongaji, Mwenge, Dar es Salaam