Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Jimbo: Kiswahili cha wazee wetu kisisahihishwe

Mheshimiwa Waziri,

Karatasi kuukuu za Lubumbashi zilizoandikwa kwa Kiswahili zinazidi kufifia, na kuziingiza kwenye kompyuta ni kazi ya lazima. Kabla hujatia sahihi mkataba wowote, tunakuomba jambo moja: asiwepo wa kuzigeuza kuwa Kiswahili bora wakati wa kuzinakili.

Chukua Vocabulaire de la ville d'Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi), historia ya mji huu iliyokusanywa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya waliokuwa maboi, yaani watumishi wa nyumbani, wa Wazungu. Maneno yake yamekatwa na kuunganishwa bila kanuni moja, hata mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 alimhitaji Kalundi Mango, msemaji wa Kiswahili cha hapa, aisome kwa sauti. Sikio hutambua mpaka wa neno pale jicho linapopotea. Kompyuta haina sikio hilo: ikikuta "balikuwa" limeandikwa "bali kuwa", itahesabu kiunganishi ambacho mwandishi hakukikusudia. Na programu ya tahajia ikibadilisha "batu" kuwa "watu", ushahidi wa jinsi mji ulivyosema umefutika.

Dawa ni faili mbili. Ya kwanza herufi kwa herufi kama ilivyo. Ya pili yenye tahajia moja, kila neno likiwa na namba inayolirudisha mahali pake kwenye ukurasa. Hesabu zifanywe kwenye ya pili, nukuu zitoke kwenye ya kwanza.

Picha ziwe za nukta 400 kwa inchi, za kijivu, aina ya TIFF (faili ya picha isiyopoteza ubora). Ukurasa wa A4 ni kama megabaiti 15. Nyeusi na nyeupe tupu hula herufi hafifu za nakala za kaboni. Tena, taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha 1, wakapiga "l" ndogo. Programu inayosoma maandishi kwenye picha inaweza kuuingiza mwaka 1910 kama "l9l0" na usionekane kamwe ukitafutwa.

Mkandarasi akikuahidi kwamba programu yake husoma kwa usahihi wa asilimia 95, ujue ni wa herufi: neno la herufi tano litatoka salama mara 77 tu kwa 100. Hata kwa 99, neno moja kati ya 20 lina kosa. Mpimeni kwa kurasa 20 zilizochaguliwa bila mpango, watu wawili wazinakili kila mmoja peke yake, ndipo mlinganishe na kazi yake.

Zipo programu za bure za kazi hii. Pesa ziende kwenye skana, na kwa wazee watakaosoma kurasa hizo kwa sauti: walipwe kwa ukurasa, na sauti zao zihifadhiwe pamoja na picha.

Wachambuzi wa lugha, Lubumbashi