Somoe, kuhusu mdogo wako

Lindi Mjini

Shoga yangu Somoe,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza hadi mwisho, nikaona haujibiki kwa simu. Acha nikuandikie, usome kwa kituo, na mama umsomee pale unapoona panafaa.

Unaniuliza kama mdogo wako Issa amerogwa, ana majini, au ni bangi tu. Mimi ningeanza na mengine: Analala? Anakula? Yameanza lini, na kabla ya hapo alikuwaje? Kwenye kliniki yetu ya akili jina la ugonjwa huja mwisho. Majina yapo tele. Shirika la Afya Duniani lina orodha yake, toleo la 11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini ukimbandika mtu jina mapema, kila afanyalo utaliona ni ugonjwa.

Hilo ulilosema la Issa kuzima redio ya jirani kwa sababu inamsema yeye, na kujibizana na mtu ambaye nyie hamumwoni, ni dalili za saikosisi. Mtu anasikia sauti zisizokuwepo, au anashikilia jambo ambalo hata umletee mashahidi kijiji kizima habanduki. Skizofrenia imo humo, na vijana wa kiume wengi huanza wakiwa na umri kama wa Issa. Ina upande wake wa kimya pia: kuacha kuoga, kutoongea, uso kutochangamka, shamba kutomwita. Watu huuita uvivu, na nadhani huo ndio unaomuumiza mama zaidi. Ila usiruke hadi huko. Bangi huleta yaleyale, malaria kali nayo, VVU pia, hata kifafa, kwa hiyo akija tutaanza na vipimo vya damu. Na skizofrenia haiitwi hivyo kwa dalili za siku chache. Lazima zidumu mwezi au zaidi.

Wanaotusumbua usingizi sisi wauguzi si wenye kelele. Ni wenye sonona, huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa. Huku kwetu mtu hasemi ana huzuni. Anasema kichwa kinawaka moto, mgongo unakatika, moyo unadunda. Kuna mama mmoja alikuwa akija mara kwa mara, anapimwa malaria, hana, anapewa panadoli, anarudi. Daftari lake lilijaa mpaka jalada la nyuma. Mwenzangu akamuuliza analalaje. Akasema huamka saa tisa za usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda mpaka adhana ya alfajiri, na kwamba hata mjukuu wake alipotoka unyagoni, ngomani hakwenda. Hiyo si huzuni ya msiba. Ni wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hakuna kinachompa mtu raha. Dawa zipo, ila huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na wengi huziacha siku ya nne wakisema hazifai.

Kuna wengine ambao sonona yao hupinduka: wiki nzima hawalali, wanaongea bila kituo, wanagawa pesa yote ya korosho na kutangaza kugombea ubunge. Hiyo ni baipola. Kwamba lithiamu huwatuliza kuligunduliwa na daktari wa Australia, John Cade, mwaka 1949, na mpaka leo inatumika.

Lakini wengi kuliko wote duniani ni wenye wasiwasi uliopitiliza. Shirika la Afya lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 970 walikuwa na tatizo la akili la aina fulani, na milioni 301 kati yao walikuwa hawa. Wengi hawaji kwetu kabisa. Wanakwenda kupima moyo. Jirani nao ni wanaonawa mikono mpaka ngozi inachubuka, na wale ambao ajali au kipigo kinawarudia akilini hata baada ya mwezi kupita.

Pombe usiisahau, hasa msimu wa mabibo. Wodi ya wanaume tulilaza mzee aliyevunjika paja baada ya kuanguka mnazini. Siku ya tatu akaanza kutetemeka na kuokota siafu kwenye shuka, siafu hawakuwepo. Ndugu wakataka kumtoa usiku uleule wampeleke kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji. Kumbe alikuwa mnywaji wa nipa wa kila siku, na mwili ulikosa ulichozoea. Alipewa diazepamu na vitamini B1, siafu wakaondoka. Mtu kama huyo akikatishwa pombe ghafla bila dawa anaweza kufa.

Na wale bibi zetu ambao ugonjwa wa uzeeni huwasahaulisha njia ya kurudi nyumbani, wakakutwa uani kwa mtu usiku, wakaitwa wachawi! Sina hata cha kuongeza hapo.

Sasa Issa. Mama akitaka asomewe, asomewe. Sina ugomvi na kisomo. Ila asifungwe kamba, asipigwe, wala asingojeshwe, maana kadiri anavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Akisema redio inamsema, usibishane naye na usimkubalie. Mwambie, "Mimi siisikii, ila naona unaogopa." Dawa za kupulizia mikorosho zifungieni kwa kufuli. Akitamka neno la kutaka kufa, msisubiri kesho, mleteni siku hiyohiyo.

Mje asubuhi, na aje mtu anayelala naye nyumba moja. Chukueni mabaki ya dawa zote alizokwisha kupewa, hata za miti. Mkifika njia panda ya Mnazi Mmoja nipigie, nitawapokea stendi. Kulala mtalala kwangu.

Msalimie mama sana.

Ni mimi shoga yako,
Mwanahamisi